Chale za Bi Sofia

Mjini Ruangwa ukiulizia Sikudhani utaulizwa yupi, maana jina hilo huku ni la watu wengi. Sema "Sikudhani wa mashine", na hata asiyempenda atakuonyesha njia. Ni yule mwanamke mrefu anayebeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa, ile inayonguruma alfajiri mashambani na kutema unga wa njano juu ya mikorosho wakati majani bado yana umande. Kazi hiyo ni ya wanaume, au ndivyo wanaume wanavyosema. Sikudhani aliianza baada ya mume wake kuondoka kwenda kuoa Liwale, akaacha nyumbani vitu viwili tu: binti mchanga aitwaye Yasmini, na mashine mbovu.

Mwingine angeiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye aliibeba hadi dukani kwa mdogo wake Bilali, anayeuza vipuri, wakaifungua pale chini, wakaisafisha kabureta, wakabadilisha plagi, ikawaka. Msimu wa kwanza wenye mashamba walimcheka. Msimu wa pili waliendelea kumcheka huku wakiwa wamepanga foleni kumtaka, kwa sababu hachelewi, hanywi, na hapulizii nusu ya mti akasema amemaliza mti mzima. Miaka ikaenda, watu wakamzoea akipita juu ya bodaboda, mashine imefungwa nyuma, uso umezungushiwa khanga, nyusi zimekuwa za njano kama za kifaranga.

Ugonjwa ulimwingia kimyakimya. Usiku alikuwa akilowa jasho hadi anaikamua shuka, na mchana anasikia kibaridi juani. Mikanda ya mashine, ambayo zamani ilimkaa sawasawa, ikaanza kucheza mabegani. Halafu akaona uvimbe shingoni, juu kidogo ya mtulinga, hauumi, unateleza chini ya kidole. Majirani walikuwa na jibu tayari: salfa imemwingia. Walilisema kwa huruma, sikatai, lakini ndani ya huruma hiyo kulikuwa na kale kautamu ka kusema tulikwambia.

Kwa vile alikuwa anakohoa pia, alianzishiwa dawa za kifua kikuu. Alizimeza kwa uaminifu wote, uvimbe ukazidi kunenepa na yeye akazidi kukonda. Mwishowe Bilali alimpakia kwenye gari la abiria, Noah, akampeleka Nachingwea kwa Dk. Gaudens, daktari mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Daktari alimkata kipande kidogo cha nyama pale shingoni, akakituma kupimwa. Majibu yaliporudi, akavua miwani.

"Ni saratani ya mitoki," alisema.

Sikudhani alishangaa kwanza, hofu ikaja baadaye. Mitoki anaijua kila mtu huku. Ukijikwaa kwenye kisiki ukachanika kidole, kesho yake kinavimba kitu kwenye mkunjo wa paja. Bibi anakukanda kwa maji ya moto, unachechemea siku chache, imekwisha. Hakuwahi kusikia mtoki umeua mtu.

"Hii si ile ya kujikwaa," Dk. Gaudens alimweleza. "Ile mtoki unavimba kwa kuwa unapigana na kidonda. Hii ni mitoki yenyewe iliyogeuka. Lakini sikiliza, dada Sikudhani, ugonjwa huu una dawa, na wapo wanaopona kabisa. Kwanza tujue umefika wapi."

Akachukua karatasi, akachora mtu wa vijiti, kisha akapiga mstari kumkata mtu yule chini ya mbavu. Huo, alisema, ni msuli tunaopumulia. Ugonjwa ukiwa juu ya mstari tu, kama ulivyo shingoni, ni hatua ya kwanza au ya pili. Dawa ni za muda mfupi zaidi na matumaini ni makubwa. Ukishavuka ukatokea chini ya mstari, hiyo ni hatua ya tatu. Hata hiyo inatibika, ila dripu zinakuwa nyingi zaidi, na mwili unachakaa zaidi.

"Sasa utajuaje kama umevuka?" Bilali aliuliza. Dada yake alikuwa ameukodolea macho ule mstari.

"Kuna kipimo Dar. Unachomwa sindano ya sukari iliyochanganywa na mionzi kidogo. Seli za ugonjwa huu zina uroho wa sukari kuliko jirani zake, kwa hiyo zinaigombania. Kisha mashine inakupiga picha kuanzia kichwani hadi mapajani, na kila palipokusanyika sukari panang'aa. Picha nyingine zinatuonyesha mtoki ni mkubwa au mdogo. Hii inatuonyesha upi uko kazini."

Kuanzia siku hiyo Sikudhani aliishi na ule mstari. Akila, alihisi chakula kinaupita. Akivuta pumzi, aliuhisi unapanda na kushuka. Aliswali, na baada ya kuomba yote ambayo mtu huomba, alimalizia na ombi moja fupi: usivuke. Hakuomba hata kupona. Kupona kulikuwa mbali mno, na yeye ni mtu wa kumaliza mti ulio mbele yake kwanza.

Kabla ya safari ya Dar alikwenda kijijini Mtua kumuaga mama yake, Bi Sofia. Mama huyu ni mwanamke wa maneno machache. Kiswahili chake ni cha sokoni, alichokiokota ukubwani juu ya Kimwera chake, na hata hicho anakitumia kwa ubahili. Alimtazama binti yake alivyokwisha, mifupa ya mabega imetokeza, akasema tu, "Njoo nikuogeshe."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Mtu mzima kwa nani? Njoo."

Basi akamwogesha uani nyuma ya makuti, kama alivyomwogesha alipokuwa mtoto, na alipomwuguza baada ya uzazi wa Yasmini. Maji yalikuwa ya vuguvugu yenye majani ya mvumbasha, na mikono ya Bi Sofia ni migumu kwa jembe lakini haina haraka. Ilimpita mgongoni, mbavuni, tumboni, mapajani. Sikudhani alifumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliusahau mstari. Alikuwa karibu kusinzia pale kwenye kigoda mama yake alipotoa mikono ghafla.

"Malizia mwenyewe," Bi Sofia alisema, akaingia ndani.

Sikudhani alidhani mama amekwenda kulia. Akajimalizia, akajifunga khanga, wala hakuuliza, kwani katika nyumba ile machozi ya mtu hayaulizwi.

Kesho yake Bi Sofia aliamka na kwenda kwa mganga, akarudi na unga mweusi ndani ya kikopo na wembe mpya ambao haujatolewa kwenye karatasi yake. Alisema mganga ameagiza mgonjwa achanjwe na aliyemzaa. Sikudhani hakuwa mtu wa waganga sana. Lakini mama yako anapokaa chini na wembe mpya, na wewe unasafiri keshokutwa kwenda kuulizwa kama utaishi, hutafuti mabishano. Alilala kifudifudi. Bi Sofia alichanja chale tatu kiunoni, ndogo, za haraka, akapaka ule unga. Ulichoma kama pilipili.

"Geuka."

Akageuka. Bi Sofia alisogeza khanga, akaweka kidole kwenye mkunjo wa paja la kulia, akachanja tatu nyingine.

"Huko kwa nini, mama? Na mbona upande mmoja?"

"Dawa haiulizwi." Alipaka unga, akakandamiza kwa kiganja, akakaa hivyo kitambo. "Sasa sikiliza. Usipaguse hapo. Usipakande, usipapase, hata ukiwasha. Na usimwambie ntu. Si Bilali, si daktari. Ukisema, ugonjwa unamrudia aliyechanja."

"Unakurudia wewe?"

"Mimi."

Hilo lilimfunga Sikudhani mdomo kuliko kiapo chochote. Angemwambia usiseme au hutapona, labda angesema. Lakini alimwambia usiseme au mimi nitaugua. Mtoto gani atasema?

Dar walikwenda na Bilali kwa basi la kutoka Ruangwa. Hospitalini walikuta watu wa kila mkoa, wote wana ule utulivu wa mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa ameambiwa asile tangu jana yake, maji tu, na asifanye kazi ya nguvu, kwa sababu misuli iliyochoka nayo inadai sukari. Kutokula hakukumpa shida. Mtu aliyefunga Ramadhani na mashine mgongoni haogopi kulala na njaa. Kilichomsumbua ni kukaa bila kazi.

Mhudumu wa pale, mwanamke wa rika lake, alikuwa na maswali mengi. Ana kisukari? Ana mimba? Ananyonyesha? Sikudhani alijibu yote.

"Una kidonda chochote, jipu, sehemu uliyokatwa au kuchanjwa hivi karibuni? Niambie hata kama ni kidogo, maana kidonda nacho hung'aa kwenye picha."

Hapo ndipo penyewe. Chale zilikuwa bado mbichi, alizisikia zikivuta ndani ya lile gauni la hospitali kila alipokunja mguu. Alimwona mama yake amekaa barazani Mtua, mzima, anachambua choroko.

"Hapa shingoni tu," alisema. "Walipochukua nyama."

Dawa ililetwa ndani ya chombo kizito cha chuma. Mhudumu alimchoma, akasogea nyuma ya ukuta mnene, akamwambia kwa kutania asidhani anamwogopa, ila yeye huchoma watu kila siku na mionzi haina urafiki. Kisha alifunikwa blanketi, akaambiwa alale kimya bila kuongea mpaka sukari itembee. Alilala. Aliiwazia ile sukari ikizunguka mwilini mwake, inabisha hodi kila mlango, inauliza nani ana njaa. Alitamani aishike mkono aielekeze: shingoni, ndiyo, kifuani sawa, ukifika mbavuni rudi.

Mashine ilikuwa pete kubwa nyeupe, na kitanda kikamwingiza ndani yake polepole. Haikuuma. Baadaye aliambiwa anywe maji mengi, na kwa siku ile akae mbali na watoto na wajawazito. Bilali alimpisha kiti kizima nyumbani kwa mwenyeji wao, akakaa mlangoni, kana kwamba yeye ndiye mjamzito. Sikudhani alicheka sana siku ile, akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kingine kama kile hakikuja tena kwa muda mrefu.

Majibu yalitumwa kwa Dk. Gaudens, Nachingwea. Walipokwenda kuyasikia msimu wa kupulizia ulikuwa umeanza, na njia nzima kutoka Ruangwa walizisikia mashine za wenzake zikinguruma mashambani. Sikudhani alizitambua kwa sauti. Ile ina mafuta mabaya. Ile plagi inakufa. Alijisikia kama mtu aliyekufa, na watu wanaendelea na harusi bila yeye.

Daktari aligeuza kompyuta wakaona wote. Ilikuwa picha ya mtu wa kijivu aliyesimama mikono juu, na mtu huyo alikuwa yeye. Kichwani palikuwa panawaka kabisa, akashtuka. Dk. Gaudens alisema ubongo hula sukari siku zote, ni haki yake. Kibofu nacho kiling'aa kwa sababu dawa hutokea huko. Kisha akaweka kalamu shingoni: hapa, na hapa, pande zote mbili. Kifuani katikati, pakubwa kiasi. Halafu kalamu ikashuka. Ilipita mbavu, ikapita tumbo, Sikudhani akaifuata bila kupumua, ikasimama kwenye mkunjo wa paja la kulia. Palikuwa na doa moja dogo linalong'aa.

Daktari akavua miwani.

"Juu ya mstari tulitegemea," alisema. "Chini pote pasafi: wengu safi, ini safi, mifupa safi. Ila hapa. Hiki kidoa kimoja ndicho kinachotuvusha. Kwa picha hii ni hatua ya tatu."

Bilali aliinamisha kichwa. Lakini Sikudhani, na hili lazima lisemwe kama lilivyokuwa, alisikia furaha. Furaha ilimpanda ghafla, nusura acheke mbele ya watu. Pale! Palepale kwenye wembe! Si umekatwa, mtoki si unavimba? Si ndivyo tangu utoto? Haujavuka. Ni chale tu zile.

Akafungua mdomo, akamwona mama yake barazani, akaufunga.

"Hukujikwaa?" daktari aliuliza. "Hukuumia mguu wa kulia, kidole, unyayo, popote? Maana doa lenyewe moja linanisumbua."

"Hapana, daktari."

"Basi nitaongea na wenzangu wa Dar. Mjiandae. Wiki ijayo mtaitwa kuanza dripu."

Walitoka. Bilali alimpeleka kwenye hoteli moja karibu na stendi, akaagiza chai na chapati, na kabla chai haijaja mwanaume yule mzima alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Sikudhani alimtazama akiwa na jibu kinywani, jibu ambalo lingemnyamazisha palepale. Mama alichanja ili apone. Sasa chale za mama zinampeleka kwenye dawa za ugonjwa mkubwa kuliko wake, na kinachomzuia kusema ni mapenzi kwa mama huyohuyo. Alijaribu kufikiri vizuri. Je, kweli ugonjwa unaweza kutoka kwenye paja lake ukasafiri mpaka Mtua? Daktari amesema ni seli, zina uroho, zinakula sukari. Seli hazisikii siri za watu. Lakini mbona moyo unadunda hivi?

"Kunywa chai, dada," Bilali alisema.

"Nisubiri hapa."

Alirudi hospitalini kwa miguu, haraka kuliko mwili wake ulivyomruhusu, akagonga mlango wa Dk. Gaudens bila kungoja zamu, watu kwenye benchi wakaguna. Alisimama mbele ya meza.

"Daktari, nilikudanganya. Nilichanjwa. Kabla ya kwenda Dar. Palepale penye doa."

Alimaliza kusema akasikiliza, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani. Hakikutokea kitu. Feni iliendelea kuzunguka.

Dk. Gaudens hakufoka. Alijipapasa uso kwa viganja viwili, akashusha pumzi, akasema, "Mbona hukusema, dada yangu?" Kwa sauti ile Sikudhani alitamani afokewe. Daktari alimwita nesi, akampima. Chale zilikuwa zimeshafunga, vijistari vitatu vyeusi, na chini yake vidole vya daktari vilikuta kitu.

"Kipo kimtoki," alisema. "Sasa, ulichosema kinawezekana kabisa. Wembe na dawa ya mganga vinaweza kuuamsha mtoki wa jirani, na ukiamka unakula sukari kama ule wenye ugonjwa. Ile mashine inaona sukari tu, haijui nani anaila kwa ugonjwa na nani kwa kidonda. Jumatatu njoo, tukikate tukipime."

"Kwa hiyo haujavuka?"

"Sijasema hivyo. Kabla ya wembe, hapo palikuwa na uvimbe?"

"Hapakuwa na kitu."

"Ulipashika?"

Sikudhani alifikiri. Mtu gani anajishika huko kila siku? "Mwili wangu naujua," alisema.

"Muulize aliyekuchanja kama alihisi chochote."

Hakuona haja ya kuuliza. Alitoka pale mwepesi. Alimkuta Bilali na chai iliyopoa, akamwambia yote, Bilali akamkumbatia mbele ya wateja, akaagiza chapati nyingine. Lakini Sikudhani alitaka kwenda Mtua siku ileile. Alikuwa amevunja mwiko wa mama yake, na habari ya kosa lile aliona ni yeye mwenyewe anayepaswa kuipeleka. Na zaidi, alitaka kumwona kwa macho kwamba ni mzima. Bilali alimtafutia bodaboda anayemwamini, akamwagiza aende taratibu.

Alimkuta Bi Sofia uani, jua la alasiri limemkaa mgongoni, anapepeta ufuta. Alikuwa mzima. Mikono ilirusha ungo na kuudaka kwa mwendo uleule wa siku zote. Sikudhani alisimama akaangalia mikono ile mpaka macho yakamjaa, kisha akaketi juu ya gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Mama, nisamehe kwanza. Nimesema. Nimemwambia daktari habari ya chale." Ungo haukusimama. Akaongeza haraka, "Ilibidi. Kwenye picha kuna doa, wakasema ugonjwa umeshuka chini. Lakini daktari mwenyewe amekiri huenda ni wembe. Umeelewa? Huenda ni chale zako tu ndizo zimewaka. Jumatatu wanapima, halafu wataona si kitu, nitapewa zile dawa chache."

Aliisubiri furaha. Alikuwa ameibeba njia nzima kuja kuigawa.

"Hilo doa," Bi Sofia aliuliza, "wameliona wapi?"

"Palepale. Paja la kulia."

Ungo ukatua. Ufuta kidogo ulimwagika, na Bi Sofia, ambaye hajawahi kumwaga ufuta, hakuutazama.

"Umeogopa ugonjwa utanirudia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haurudi. Mwiko ule niliutunga mimi. Nganga alisema kiunoni, basi."

Sikudhani hakuelewa. Aliwaza mama anamfariji. Halafu aliona jinsi mama yake alivyokuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, imelala mapajani viganja juu, kama vitu vya kuazima.

"Siku ile nakuogesha," Bi Sofia alisema, "nkono wangu ulipita hapo. Kilikuwepo. Kigumu, kama mbaazi kavu. Nikakibonyeza, wewe hukushtuka hata kidogo. Nikajua ni kilekile cha shingoni."

"Kabla ya wembe."

"Wembe nilikwenda kuuchukua kesho yake. Ndiyo maana nikachanja hapo. Nikakukataza usipaguse ili usikikute, ukasafiri na hofu. Nikakukataza kusema, ntu asije akakuuliza kwa nini hapo." Sauti yake ilianza kukatika. "Nikasema, mimi nzee, mikono imekufa ganzi kwa jembe. Ile mashine yao kubwa itaangalia yote, itasema hamna kitu. Kila siku nilikuwa nangoja mrudi, mniambie nkono wa Sofia umekosea."

Mbali upande wa mashamba mashine moja ilikuwa ikinguruma, mtu anaijaribu kwa ajili ya alfajiri ya kesho. Sikudhani aliisikiliza bila kutaka. Alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke wapi, kwa sababu mbele yake palikuwa na mama mzee anayelia bila sauti juu ya ungo. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mmoja alinyamaza kumlinda mwenzake, na ugonjwa wenyewe haukuhitaji siri ya mtu. Ulikwenda ulikokuwa unakwenda.

Aliuchukua mkono wa kulia wa mama yake. Ulikuwa na punje za ufuta zimeganda kwenye mistari ya kiganja. Akausogeza, akauweka juu ya khanga, pale alipokatazwa kupagusa, akaushikilia.

"Angalia tena," alisema.

Bi Sofia alifumba macho. Vidole vilipapasa polepole, bila haraka, kama siku ile ya maji ya mvumbasha, vikakuta, vikazunguka, vikasimama. Sikudhani alimwangalia usoni, na alikuwa bado anaomba ombi lake lile fupi.

"Kimekua," mama yake alisema.